Frigo ya plaketi ni watu: tusome upya matangazo yetu ya damu

Ndugu wahitimu wa Butembo na Beni, pamoja na wadogo zetu mlio bado ku oditwari,

Tumezoea kukosoa vitabu, hotuba za wakubwa, hata nyimbo. Leo naomba tukosoe maandishi ambayo sisi wote tunayasoma kuliko kitabu chochote: tangazo la kutafuta damu kwenye WhatsApp.

Mnalijua. Linaanza na neno HARAKA kwa herufi kubwa na alama tatu za mshangao, kisha linaendelea hivi: "Mgonjwa wetu iko ku hopitali, hali si nzuri, plaketi zimeshuka sana. Munganga anaomba damu O+ leo leo. Mutu wa roho nzuri afike sasa hivi, transpo na kitu kidogo ya soda iko. Mupartaje ku ma-grupu yote." Chini kuna jina la mgonjwa, ugonjwa wake, chumba alimolala na namba mbili za simu. Hili nimelitunga mimi mwenyewe, lakini kama unaishi kati ya Kitatumba na Mavivi unaweza kulimalizia hata macho yakiwa yamefumba.

Siandiki ili niwacheke wanaoyatuma. Mtu anaandika hivyo akiwa amesimama ku koridori, macho mekundu, simu imebakiza betri kidogo. Lakini sisi tuliosoma ndio tunaoyasukuma kutoka grupu moja hadi nyingine, tukiamini tumefanya jambo. Maandishi yanayodai kuokoa maisha yanapashwa kupimwa kama dawa: yanafanya kazi ao hapana? Mimi nilisomea kazi ya labo, na nimeyasoma kwa jicho hilo. Jibu langu ni kwamba kwa damu kwa jumla yanasaidia mara moja moja. Kwa plaketi, yanafika wakati kazi yenyewe imekwisha kuchelewa, na mara nyingine yanaongeza hatari. Tuyachukue neno kwa neno.

"PLAKETI ZIMESHUKA SANA"

Plaketi ni chembe ndogo sana ndani ya damu, ndogo kuliko zile nyekundu. Kazi yake ni kuziba. Mshipa ukikatika zinakimbilia pale, zinashikamana, zinaita wenzake, damu inaganda. Mtu mzima mwenye afya ana kati ya 150,000 na 450,000 katika milimita moja ya ujazo wa damu. Kila moja inaishi siku 8 hadi 10 tu, kisha mwili unatengeneza nyingine ndani ya uboho wa mifupa.

Sasa, "zimeshuka sana" inatuambia nini? Zimeshuka mpaka wapi? Mgonjwa anatoka damu ao hatoki? Zimeshuka juu ya nini? Hapa kwetu sababu moja ya kufikiria mapema ni malaria. Malaria inashusha plaketi kwa wagonjwa wengi, watoto na wakubwa, na kwa kawaida zinapanda zenyewe siku chache baada ya dawa kufanya kazi. Mgonjwa wa namna hiyo, kama hatoki damu, mara nyingi hahitaji plaketi za mtu mwingine. Anahitaji dawa yake, na mtu wa kumwangalia vizuri.

Yuko tofauti kabisa na mwenye kansa ya damu ambaye uboho wake umeacha kazi. Huyo, hata kama hatoki damu, waganga wengi wanampa plaketi kwa kumkinga hesabu yake ikifika chini ya 10,000. Yuko tofauti tena na mama anayemwaga damu baada ya kuzaa, ao majeruhi wa risasi na panga aliyeletwa kutoka upande wa Oicha. Na kabla ya operesheni kubwa wengi wanataka hesabu isiwe chini ya 50,000. Watu wanne, sababu nne, maamuzi manne. Tangazo limewaweka wote katika maneno matatu.

Mtaniuliza: kuna ubaya gani kumpa tu? Ubaya ni kwamba poshi ya damu si serumu ya vitamini. Kila poshi ina hatari yake, hata ikiwa imetunzwa vizuri. Mgonjwa anaikubali hatari hiyo kwa sababu anapata faida iliyo kubwa zaidi. Faida ikikosekana, hatari inabaki peke yake.

"MUNGANGA ANAOMBA DAMU"

Hapa tangazo linaanza na plaketi na linamalizia na damu, kana kwamba ni kitu kimoja. Hata sisi wasomaji hatushituki.

Katika sehemu kubwa ya nchi yetu mgonjwa anatiwa damu nzima, yaani vile ilivyotoka ku mkono wa mtoaji: chembe nyekundu, maji ya damu na plaketi pamoja. Kupata plaketi peke yake kunaomba mashini ya kuzungusha damu kwa kasi ili sehemu zake zitengane, poshi za namna yake zilizounganishwa, na mtu aliyefundishwa. Kwa njia iliyozoeleka kazi hiyo inapashwa kufanywa kabla ya masaa 8 kupita, na kabla damu haijaguswa na baridi ya frigo.

Neno hilo la frigo ndilo linalowapoteza wengi. Chembe nyekundu zinapenda baridi: kati ya digrii 2 na 6 zinakaa siku 35 katika poshi za kawaida. Plaketi zinataka kinyume. Zinataka digrii 20 hadi 24, zikitikiswa polepole mchana na usiku bila kuacha, na hata hivyo zinakaa siku 5 tu, ao 7 pale ambapo kuna vipimo vya ziada vya bakteria. Jambo hili linajulikana tangu 1969, pale Murphy na Gardner walipoonyesha ku Marekani kwamba plaketi zilizowekwa katika baridi, zikirudishwa katika mwili, zinaondolewa upesi sana. Baridi inazibadilisha umbo, na mwili unaziona kama takataka.

Maana yake kwetu ni hii. Mtu anayehitaji plaketi akipewa poshi iliyolala juma mbili ku frigo, amepata damu, lakini plaketi zinazoweza kumkinga siku zinazofuata hazimo tena. Familia inaona poshi nyekundu ikishuka, inatulia. Kesho yake hesabu haijapanda na watu wanaanza kusema amerogwa.

Niseme ukweli wote: plaketi za baridi si bure kabisa. Kwa mtu anayemwaga damu saa ileile zinaweza kusaidia kuziba, njo maana tangu 2023 Marekani inaruhusu zitunzwe katika baridi hadi siku 14 kwa wanaotoka damu, pale ambapo zile za kawaida hazipatikani ao hazifai. Kwa mji kama Beni, wenye majeruhi wengi, habari hiyo inastahili kufuatiliwa. Lakini hata hizo ni plaketi zilizotengwa na kupimwa, wala si poshi yoyote iliyosahauliwa ndani ya frigo.

"LEO LEO"

Tufike sasa kwenye usalama. Shirika la Afya Duniani linaomba kila damu ipimwe vitu vinne mbele ya kutiwa mtu: virusi vya SIDA, homa ya ini ya B, homa ya ini ya C, na kaswende. Kila poshi, kila mara, hata kama mtoaji ni padri ao mchungaji.

Nchi yetu ilijifunza hilo kwa uchungu. Mwaka 1988 ulichapishwa utafiti wa Kinshasa ulioonyesha mnyororo wenye kuogopesha: mtoto anapata malaria, malaria inamaliza damu yake, anatiwa damu ili aokoke, na ndani ya damu ile anapata virusi vya SIDA. Tangu hapo vipimo vimekuja. Lakini mnyororo wenyewe haujakatika pale ambapo mtu anaweza kusema "tuache vipimo kwanza, mtoto anakufa". Na tukumbuke ni nani anayepokea: katika nchi maskini, hadi 54% ya damu inayotiwa inakwenda kwa watoto wa chini ya miaka 5.

Tena kipimo hakioni kila kitu. Mtu aliyeambukizwa juma lililopita anaweza kupimwa leo na kuonekana msafi. Njo maana maswali yanayoulizwa mbele ya sindano ni labo ya kwanza, na hiyo haina mashini. Umelala na mtu mpya? Umechanjwa chale? Ulikuwa na homa juzi? Umemeza aspirini? Hilo la mwisho watu wanalicheka, lakini aspirini inaharibu kazi ya plaketi kwa maisha yake yote iliyobaki. Aliyeimeza siku tatu zilizopita anaweza kutoa chembe nyekundu nzuri kabisa, na plaketi ambazo nyingi hazishiki vizuri. Nani kati yetu anajua kilichomo ndani ya kidonge cha kichwa alichonunua ku kioski?

Kwa plaketi kuna adui mwingine, na huyu ni wa kwake hasa: bakteria. Damu nyekundu inakaa katika baridi, bakteria nyingi hazipendi. Plaketi zinakaa katika joto la chumba, na joto hilo bakteria zinalifurahia. Chache tu zilizoingia na sindano kutoka ngozi ya mkono siku ya kwanza zinaweza kuwa mamilioni siku ya nne. Kwa hiyo usalama unaanza kwa mambo ambayo hayaonekani ya maana: kusafisha ngozi vizuri na kungoja ikauke, kuelekeza matone ya kwanza katika mfuko mdogo wa pembeni kwa sababu ndiyo yanayobeba uchafu wa ngozi, kuandika saa na tarehe, kutazama poshi ku mwangaza. Plaketi nzima, ukiigeuza poshi polepole, zinazunguka kama moshi mwepesi ndani ya maji. Zilizokufa hazizunguki. Kisha muuguzi abaki karibu na mgonjwa dakika 15 za kwanza, kwa sababu homa na baridi ya ghafula ndiyo kengele.

Musifikiri ni hofu ya vitabu vya Wazungu. Jirani hapa, Kampala, plaketi zilizotumiwa katika hospitali ya Mulago zilichunguzwa, na matokeo yaliyochapishwa 2016 yalionyesha bakteria katika poshi nyingi kuliko inavyozoeleka ku Ulaya. Mwaka huohuo, kutoka Kumasi ku Ghana, kulikuja habari nzuri: damu nzima ikitibiwa kwa vitamini B2 na mwangaza maalumu, malaria inapita kidogo. Kati ya waliopewa damu yenye vimelea bila kutibiwa, 8 katika 37 waliambukizwa. Kwa damu iliyotibiwa, 1 katika 28. Afrika inafanya utafiti huu yenyewe, na sisi tunaweza kuusoma.

Sasa tazameni mgongano. Plaketi zinataka upya: zitolewe leo, zitumike mapema. Vipimo vinataka muda na utulivu. "Leo leo" inachukua upya na kuutupa utulivu. Familia inasukuma, dokta anasukumwa, mtu wa labo anasimamiwa na watu watano wenye machozi. Katika hali hiyo hata mtu mwema anaweza kuruka hatua.

"KITU KIDOGO YA SODA IKO"

Hakuna asiyejua maana yake. Soda gani ya franga elfu makumi?

Mtu anayekuja kwa pesa ana sababu ya kujibu maswali yote vibaya. Ukimwuliza kama alikuwa na homa, atasema hapana, kwa sababu ndiyo inamfukuza na soda yake. Atatoa damu hapa Jumatatu na kule Ijumaa, akiwa amepungukiwa yeye mwenyewe. Anaweza kuwa maskini tu mwenye njaa, si mtu mbaya, lakini tumeweka bei juu ya uongo wake.

Lakini nisiwaonee wauzaji peke yao. Hata ndugu wa damu ana shida, na hii hatuisemi. Fikiria kijana aliyeitwa na baba mkubwa, mbele ya famili nzima, atoe damu kwa ajili ya shangazi. Anajua maisha yake ya mwezi uliopita. Anaweza kusimama mbele ya wazee na kusema "mimi sistahili kutoa"? Kila mtu atauliza kwa nini. Aibu itamfunga mdomo, atanyoosha mkono. Tunadhani damu ya ndugu ndiyo salama kuliko ya mgeni, kumbe mgeni aliyekuja mwenyewe, bila kutazamwa, bila kulipwa, ndiye aliye huru kusema ukweli. Usalama wa damu unaanzia katika ruhusa ya kusema hapana bila kuelezwa kwa jirani.

"MUTU WA ROHO NZURI"

Nakuja kwenye kosa la hesabu. Tangazo linatafuta mtu mmoja. Plaketi zilizomo ndani ya poshi moja ya damu ni chache. Mgonjwa mzima mmoja anahitaji zile za watu 4 hadi 6 zikusanywe pamoja, isipokuwa pale penye mashini inayochota plaketi nyingi ku mtu mmoja na kumrudishia damu iliyobaki. Na kama mgonjwa ana kansa ya damu, baada ya siku chache atahitaji tena. Basi yule mutu wa roho nzuri anapofika amejasho, ametoka Katwa kwa moto, amefanya robo ya kazi.

Najua jibu mnaloniandalia: "Wewe unaongea mambo ya Brisele. Hapa tuko na vita, kuranti inakatika, barabara zimefungwa." Ni pingamizi la kweli na silifichi. Kanyabayonga ilianguka mwisho wa Juni 2024, Goma mwisho wa Januari 2025. Barabara tuliyokuwa tunashusha nayo vitu vya hopitali si ileile tena. Hata kilomita 54 kati ya Butembo na Beni kuna siku zinakuwa ndefu. Tena, pale ambapo hakuna mashini ya kutenga, damu nzima iliyotoka ku mtu muda mfupi uliopita, ikiwa imepimwa, ndiyo inabaki njia ya kumpa mgonjwa anayemwaga damu plaketi zenye nguvu. Hata majeshi ya nchi tajiri yanafanya hivyo ku uwanja wa vita.

Lakini tazameni majeshi hayo yanavyofanya. Hayaandiki HARAKA. Askari wanapimwa kabla ya kuondoka, grupu zao zinaandikwa, na siku ya shida wanaitwa watu ambao wamekwisha kujulikana. Vita ndiyo sababu ya kujipanga mbele. Na hata amani ikija kesho, kitu chenye siku 5 za maisha hakiwezi kutegemea Goma wala Kinshasa. Nyekundu unaweza kuiweka akiba ndani ya frigo. Plaketi akiba yake inatembea barabarani, inauza bidhaa ku soko, inafundisha ku sekondari. Frigo ya plaketi ni watu.

Wala tusiseme kwamba kazi ya uangalifu haiwezekani kwetu. Ebola ilitangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018, ikamalizika tarehe 25 Juni 2020, baada ya wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Katikati ya vita na maneno mabaya, zaidi ya watu 300,000 walichanjwa kwa chanjo inayotunzwa kati ya digrii 60 na 80 chini ya sifuri. Sisi tuliofikisha baridi ya namna hiyo mpaka Mangina, tutasema digrii 22 ni ngumu? Na ule utafiti ulioitwa kwa Kiswahili chetu, Pamoja Tulinde Maisha, ulipokea wagonjwa 681 katika Beni, Butembo, Katwa na Mangina, ukatoa dawa mbili zilizoshinda. Moja ya dawa hizo ilianzia ku kinga iliyopatikana ndani ya damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995. Mtu mmoja alikubali kutoa damu yake, ikashughulikiwa kwa akili na uvumilivu, na miaka zaidi ya 20 baada ya Ebola ile ya Kikwit ikasaidia watu wa Grand Nord.

Ebola ilitufundisha na upande wa pili. Tarehe 19 Aprili 2019, Dokta Richard Mouzoko kutoka Kameruni aliuawa hapa Butembo, ndani ya Cliniques Universitaires du Graben, akiwa kazini. Watu walikuwa wakiulizana damu yao inapelekwa wapi, nani anakula pesa, kwa nini haraka yote hii. Swali la kwanza lilikuwa swali halali, na anayeomba damu anapashwa kulijibu waziwazi, kila mara, mbele ya kuchoma sindano. Mtu aliyeelezwa vizuri atarudi. Aliyedanganywa hatarudi tena, na atasimulia watu kumi.

"MUPARTAJE KU MA-GRUPU YOTE"

Neno la mwisho ndilo linalotugusa sisi wenye mega. Tukishasukuma tangazo tunasikia moyo umetulia. Lakini tumesukuma nini? Jina la mgonjwa, ugonjwa wake na kitanda chake, kwa watu elfu wasiomjua. Kesho atapona, atatafuta kazi ao mchumba, na tangazo litakuwa bado linazunguka. Naomba angalau hapa kwenye ukurasa wetu tuache kuweka majina na magonjwa ya watu.

Ugonjwa huohuo wa maonyesho tunao kila tarehe 14 Juni, siku ya watoaji wa damu duniani, ambayo ni siku aliyozaliwa Karl Landsteiner, mgunduzi wa grupu za damu. Tunavaa tisheti, tunapiga picha, tunanyoosha mkono. Ni vizuri. Lakini plaketi iliyotolewa tarehe 14, tarehe 19 imekwisha. Mgonjwa wa tarehe 20 na wa mwezi wa Novemba hawana habari na picha zetu.

Tangazo zuri lingekuwa namna gani? Kwanza, halina mgonjwa. Limeandikwa siku ya kawaida, wakati hakuna anayelia. Lingesema: tunatafuta watu wa miaka 18 hadi 65, wenye kilo 50 na zaidi, watakaopimwa kwa siri, watakaopewa majibu yao wao wenyewe, na watakaotoa damu bila malipo, wanaume kila miezi 3, wanawake kila miezi 4. Damu inakwenda kwa yeyote anayehitaji, wala si kwa jina fulani. Ukikataliwa, hakuna atakayejua sababu.

Tupige hesabu, maana tumesoma. Watu 60, nusu wanaume na nusu wanawake, wakishika mpango huo wanatoa poshi 210 kwa mwaka, yaani 4 kila juma. Pale penye mashini ya kutenga, hiyo inakaribia kipimo kimoja cha mtu mzima kila juma, na chembe nyekundu za poshi zilezile zinakwenda kwa watoto wa malaria. Pale pasipo na mashini, ni watu 60 waliopimwa mara nyingi, wanaojulikana, wanaoweza kuitwa usiku bila soda. Bado kila damu yao itapimwa kila mara. Lakini mtu aliyepimwa mara kumi na akarudi mwenyewe hatari yake ni ndogo kuliko ya mtu aliyeokotwa ku geti. Wengine watakuwa na malaria, wengine mimba, wengine wamesafiri. Basi tutafute 100. Chama cha wahitimu wa miji miwili kinakosa watu 100?

Tena tuko na kila aina ya mikono. Wa labo na wauguzi waeleze vipimo. Wa informatiki watengeneze orodha iliyofungwa vizuri, isiyozunguka kwenye simu. Wa sheria waandike namna ya kulinda siri. Wa uchumi waulize bei ya mashini moja ya kutenga na ya kutikisa, na kuranti yake, tujue tunaongea kuhusu pesa ngapi, ndipo tuende kubisha mlango wa wakubwa wa afya tukiwa na karatasi mkononi.

Kwa leo ninaomba vitu viwili vidogo. Tangazo lingine likifika kwenye simu yako, kabla ya kulisukuma, piga ile namba na uulize: mgonjwa anatoka damu? Dokta ameomba plaketi ao damu nzima, na poshi ngapi? Damu itapimwa wapi? Majibu hayo matatu yatamsaidia yule mlinzi wa mgonjwa kuongea vizuri na dokta, kuliko ku-partaje mara mia. Kisha, kama una afya na umri unaruhusu, nenda siku usiyokuwa na mgonjwa. Nenda Jumatano moja, bila picha, ujue grupu yako, ujibu maswali kwa ukweli.

Walio tayari kuingia katika wale 100 waandikie viongozi wa chama ujumbe wa siri, si hapa chini. Hapa chini mniwekee pingamizi zenu, sana sana ninyi wa labo na waganga. Kama hesabu yangu ya watu 60 ina shimo, tulione mbele ya kuanza.